Shamba na Bustani: Wasomaji Wanauliza kuhusu Utitiri wa Miti ya Matunda

Tangu upepo wa kipupwe uanze kuvuma, barua nyingi zilizoifikia safu hii kutoka Dodoma na wilaya za jirani zimekuwa na mgonjwa mmoja: mti wa matunda uliovamiwa na utitiri. Baadhi ya wasomaji wameutaja kwa jina lake, wengine wameeleza majani yenye vumbi lisilofutika, na mmoja alitia jani lenyewe ndani ya bahasha, likafika likiwa unga. Nimechagua barua sita na kuzifupisha. Majibu sikuyalinganisha urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayakulingana uzito.

*Ndugu Mhariri, nina mipapai mia mbili karibu na Bwawa la Hombolo, nayo huimwagilia kwa matone. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane, majani ya chini hupata vidoti vyeupe, kisha hugeuka manjano, na upande wa chini huonekana utando mwembamba. Ifikapo mwezi wa kumi majani hupukutika na matunda hubabuka kwa jua. Mvua ikishanyesha, tatizo huisha lenyewe. Mwaka jana nilipulizia dawa ya wadudu mara tatu, na shamba langu likawa baya kuliko la jirani ambaye hakupulizia kitu. Je, tatizo ni udongo, ni dawa bandia au ni majira?*
Mkulima wa mipapai, Hombolo

Ni majira kwanza na dawa pili. Udongo hauna hatia. Wala sidhani kwamba uliuziwa dawa bandia. Inawezekana kabisa kwamba dawa ilifanya kazi yake barabara, na hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Lugha yetu ina ukarimu mkubwa katika neno "mdudu": nzi ni mdudu, buibui ni mdudu, kupe ni mdudu, na hata mnyoo huitwa hivyo. Katika mazungumzo hakuna ubaya, lakini dukani neno hilo hutugharimu. Utitiri hauko katika ukoo wa nzi na nzige wenye miguu sita. Uko pamoja na kupe na buibui, na ukikomaa huwa na miguu minane. Nyingi ya dawa zinazouzwa kama dawa za wadudu zilitengenezwa kwa ajili ya ukoo ule wa kwanza. Ukimwambia muuzaji wa pembejeo akupe dawa ya wadudu, atakupa kitu kitakachoua viwavi, vidukari na nzi weupe, na pamoja nao kitawaua wale wanaoula utitiri, huku utitiri wenyewe ukibaki shambani kama mpangaji aliyeachiwa nyumba nzima.

Kwa dalili ulizoeleza, ulio nao ni utitiri unaofuma utando, ambao wakulima wa nyanya huuita utitiri mwekundu, ingawa mara nyingi rangi yake ni ya kijani iliyofifia yenye mabaka mawili meusi ubavuni. Jike lake lina urefu wa nusu milimita hivi. Hutoboa chembe za jani moja baada ya nyingine na kufyonza kilichomo. Kila chembe iliyofyonzwa huacha kidoti cheupe, na vidoti vikikutana ndipo jani zima linapopauka. Jike moja hutaga mayai mia moja hivi katika maisha yake mafupi. Hata likikosa dume hutaga, ila mayai hayo hutoa madume peke yake, na madume hayo yanatosha kuuendeleza uzao. Kwa hiyo jike moja tu lililopeperushwa na upepo likatua kwenye mpapai wako linaweza kuanzisha ukoo bila kumsubiri mwenzi.

Kasi ya ukoo huo hutegemea joto. Katika nyuzijoto 20, yai huchukua zaidi ya wiki mbili hadi kuwa utitiri mkomavu. Katika nyuzijoto 25 huchukua siku 11 hivi. Katika nyuzijoto 30 ni wiki moja au siku nane. Linganisha sasa na hali ya hewa ya Dodoma. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wetu hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14, na wastani wa mchana na usiku huwa karibu 20. Kuanzia mwezi wa tisa joto hupanda, na kufikia wa kumi na wa kumi na moja jua la mchana hupita nyuzijoto 30. Utitiri uliokuwa ukitembea wakati wa kipupwe sasa unakimbia.

Hata hivyo joto peke yake halielezi jambo lote, na hapa natofautiana na vipeperushi vingi vinavyosema kwa ufupi kwamba utitiri hupenda joto. Januari hapa kwetu si mwezi wa baridi, lakini utitiri huu huwa haba. Kinachotenganisha Januari na Oktoba ni mvua. Mvua kubwa huupiga utitiri na kuuosha kutoka majanini pamoja na utando wake. Huleta unyevu unaowezesha kuvu fulani kuota ndani ya mwili wa utitiri na kuuua kwa wingi kwa muda mfupi. Huliondoa vumbi, na vumbi, kama nitakavyoeleza katika barua inayofuata, ni ngao ya utitiri. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ina maana kwamba utitiri wetu hupewa takriban miezi saba mfululizo bila hata siku moja ya kuoshwa. Umwagiliaji wako wa matone, ambao nausifu kwa kuokoa maji, hulisha mzizi bila kulowesha jani. Kwa utitiri hiyo ni neema juu ya neema, maana unapata chakula kibichi chini ya dari kavu.

Picha ya mwaka mzima basi huwa hivi. Idadi huwa ndogo kabisa mwezi wa tatu na wa nne. Kuanzia wa tano huanza kupanda polepole, bila mtu kuona, kwa kuwa vidoti vichache kwenye jani la chini havimshtui mwenye shamba. Mwezi wa nane dalili hujitokeza, na wa kumi na wa kumi na moja huwa kilele. Manyunyu ya kwanza ya Novemba hayasaidii sana. Ni mvua za kishindo ndizo zinazovunja kilele hicho. Usisahau pia kwamba mvua zetu mara nyingi husita kati ya mwisho wa Januari na Februari, na ukame huo wa katikati ukirefuka, utitiri unaweza kuinuka tena kabla ya msimu kumalizika. Tena si mvua pekee inayoushusha: jani likiisha utamu, utitiri hufa njaa au huhama. Ndugu zetu wa Bahi na Manyoni wanaolima muhogo wanaweza kuliona hili kwa utitiri wa kijani wa muhogo, ambao hupungua mwishoni mwa kiangazi kwa sababu tu muhogo umepukutisha majani, kisha hurudi kwa nguvu mvua za kwanza zinapochipuza majani mapya.

Kwa maneno mengine, utitiri unaokutisha mwezi wa kumi ni vitukuu vya ule uliokuwapo mwezi wa sita, wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Shauri langu lote limesimama hapo.

Turudi kwenye bomba lako. Katika kila shamba ambalo halijanyunyiziwa sana kuna walinzi: utitiri mwindaji, ambao nao ni utitiri lakini hula wenzake; mbawakawa weusi wadogo kama kichwa cha pini, ambao wao na viluwiluwi vyao huishi kwa kula utitiri; na wengine kadha wa kadha. Dawa zinazoua kila kitu huwamaliza hao kwanza. Baadhi ya dawa hizo, zaidi ya kuwaua walinzi, zimeonekana hata kuongeza utagaji wa mayai ya utitiri. Jambo hili si geni duniani. Katika mashamba ya tufaha ya Ulaya na Marekani, utitiri ulikuwa tatizo dogo hadi dawa kama DDT zilipoenea baada ya mwaka 1945, na baada ya hapo ukawa adui wa kila mwaka. Jirani yako aliyekaa kimya alikuwa na walinzi; wewe uliwafukuza kwa gharama yako mwenyewe. Nakwambia haya bila kukucheka, kwa kuwa mimi nilifanya kosa hilohilo kwenye michungwa minane ya nyuma ya nyumba, nikarudia mara mbili kabla ya kukubali kwamba tatizo lilikuwa mkono wangu.

Kazi ya mlinzi mdogo si hadithi. Utitiri wa kijani wa muhogo nilioutaja ulitoka Amerika ya Kusini na kuonekana kwa mara ya kwanza Afrika nchini Uganda mwaka 1971, ukaenea ukanda mzima wa muhogo. Miongoni mwa vilivyousaidia muhogo ni utitiri mwindaji ulioletwa kutoka Brazili, ambao hujificha kwenye ncha changa za mmea, nao uliachiwa mashambani Benin mwaka 1993, kisha ukapelekwa katika nchi nyingine nyingi.

Mwaka huu anza mwezi wa sita. Chagua mipapai kumi, mitano ya pembeni upande unakotoka upepo na mitano ya katikati. Kila wiki, siku ileile, chukua jani moja la umri wa kati kutoka kila mmoja, geuza upande wa chini, na utazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara kumi. Usipokuwa na lenzi, kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe na usubiri. Vinukta vinavyojikokota ni utitiri wako. Vile vinavyokimbia, vyenye umbo la tone na mwili unaong'aa, ni walinzi. Andika hesabu zote mbili daftarini. Wakulima wa tufaha wa nchi za baridi huridhika wakikuta mlinzi mmoja kwa kila utitiri kumi; mpapai si mtufaha, lakini uwiano huo ni mwanzo mzuri wa kufikiria. Hesabu ya utitiri ikiongezeka maradufu kwa wiki mbili mfululizo na walinzi hawaonekani, hapo ndipo pa kuchukua hatua, si Oktoba.

Hatua ya kwanza ni maji. Kwa kuwa bwawa liko jirani, rushia upande wa chini wa majani maji yenye nguvu mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi, ili yakauke kabla ya jioni. Kata majani makongwe yaliyojaa utando, uyazike au uyachome nje ya shamba. Angalia pia nyanya na bilinganya za umwagiliaji zilizo jirani, maana utitiri wa mpapai na wa nyanya mara nyingi ni mmoja. Bustani ya nyanya iking'olewa na mabua yakaachwa yakauke, utitiri hupanda kwenye ncha, hujiachia kwa uzi na kubebwa na upepo. Upepo wetu wa kiangazi hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo nyanya zilizo upande huo wa mipapai ndizo za kuwekea shaka. Na upunguze urea: jani lililonona kwa naitrojeni humnenepesha pia anayelinyonya.

Ukilazimika kutumia dawa, omba kwa jina dawa ya utitiri, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ambayo lebo yake inataja mpapai. Elekeza bomba chini ya jani, kwa kuwa dawa iliyomwagwa juu ya jani ni pesa iliyomwagwa. Usirudie kiambato kilekile mfululizo. Utitiri huu umethibitika duniani kuzoea viambato zaidi ya 90, na umo miongoni mwa viumbe wa shambani wanaoongoza kwa tabia hiyo. Salfa ni ya bei nafuu na husaidia, lakini huunguza majani jua likipita nyuzijoto 32 hivi, hivyo kwa Dodoma ni dawa ya kipupwe na ya asubuhi mapema, si ya mchana wa Oktoba. Ijaribu kwanza kwenye miti miwili.

*Mimi ni mama wa nyumbani, Chamwino. Nina miembe sita. Miwili iko kando ya barabara ya vumbi na minne iko nyuma ya nyumba. Ile ya barabarani majani yake huwa mekundu kama kutu upande wa juu wakati wa kiangazi, ya nyuma haina shida. Mbegu ni moja na umri ni mmoja. Kwa nini?*
Msomaji, Chamwino

Mama, umefanya jaribio ambalo mtafiti angelilipia fedha nyingi: mbegu moja, umri mmoja, tofauti ni barabara. Vumbi likifunika jani, mbawakawa na utitiri mwindaji hupata shida kutembea na kutafuta windo, huku mla jani akiendelea kukaa mahali pake na kula. Aidha, ule unaoshambulia mwembe mara nyingi hukaa upande wa juu wa jani, sambamba na mshipa wa katikati, ndiyo maana wekundu unauona huko na si chini kama kwenye mpapai. Miembe mikubwa huvumilia. Majani mapya ya msimu wa mvua hutoka safi, kwa hiyo hakuna haja ya dawa. Kama mnapata maji ya kutosha, oshea matawi ya chini kila baada ya wiki mbili kuanzia mwezi wa saba. Ua wa minyaa au wa mti mwingine unaostahimili ukame kando ya barabara utasaidia kuliko bomba lolote.

*Shikamoo Mhariri. Nina miaka kumi na tisa, nasaidia shamba la babu yangu Mpwapwa, lenye malimau na machungwa. Kila mtu anasema utitiri ni wa kiangazi. Lakini sisi matunda huanza kuwa na ngozi ya kahawia iliyokauka katikati ya mvua, mwezi wa pili hadi wa nne. Bwana shamba alisema ni utitiri, babu amekataa. Nani ana haki?*
Kijana, Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Bwana shamba ana haki, na babu naye hana kosa kubwa, kwa sababu anaowajua ni wale wa kiangazi. Kosa letu sote ni kudhani kwamba utitiri ni mmoja wenye tabia moja.

Unaoyageuza malimau yenu kuwa ya rangi ya kahawia huitwa utitiri wa kutu wa michungwa. Ni jamii nyingine kabisa: urefu wake ni sehemu ya saba hivi ya milimita, umbo lake ni kama kabari ndefu ya rangi ya manjano, na una miguu minne tu, yote mbele. Haufumi utando wala haumwachii mtu dalili ya mapema. Wenyewe hupenda unyevu pamoja na joto, na kwa hali hiyo huweza kukamilisha kizazi kimoja kwa siku saba hadi kumi. Kwa hiyo wakati mvua inawafagia watani wake wa kiangazi, huu unakaribishwa. Mpwapwa yenu, ikiwa na milima na mabonde yake, hushika unyevu kuliko tambarare za Dodoma mjini, na hilo huurefushia msimu.

Mpelekee babu ushahidi huu. Tazama tunda lililoharibika na uone upande gani umebadilika. Utitiri wa kutu hukwepa jua kali la moja kwa moja na hukwepa pia giza la ndani ya mti; hukaa pembeni mwa sehemu inayopigwa na jua. Kwa hiyo mara nyingi utakuta kiduara cha ngozi safi mahali palipoelekea jua, na kahawia imekizunguka. Kovu la tawi lililosugua kwa upepo halina mpangilio huo. Huwa mstari au baka lisilo na umbo. Na kovu la wadudu wanaoshambulia tunda likiwa changa hukizunguka kikonyo kama pete.

Hesabu yako basi ianze Januari, si Juni. Tumia lenzi ya kukuza mara kumi au zaidi, tazama matunda ishirini ya ukubwa wa goroli na kuendelea, kila wiki. Ukishaiona kahawia umechelewa, kwa kuwa ngozi iliyokufa hairudi. Hata hivyo ndani tunda ni zima, na kinachopungua ni bei sokoni. Kama mnauza kwa watu wa juisi, sioni sababu ya kupulizia chochote.

Kuna jambo moja linalosahauliwa. Katika msimu wa mvua kuna kuvu inayoangamiza utitiri wa kutu bure bila malipo. Wakulima wanaopulizia dawa za ukungu zenye kopa, yaani madini ya shaba, mara kwa mara huiua kuvu hiyo pia, kisha hushangaa kuona kutu imeongezeka. Muulize babu kama kopa imo katika ratiba yake. Kama imo, ibakizwe kwa magonjwa yaliyothibitika tu.

Kwa kuwa katika sehemu ya barua niliyoifupisha umetaja pia kwamba mnayo mipapai michache ambayo ncha zake hujikunja na kudumaa wakati huohuo wa mvua, usiing'oe haraka kwa kudhani ni virusi. Upo utitiri mwingine, mweupe na mdogo mno, unaopenda majani machanga na hewa yenye unyevu. Huumiza ncha kiasi kwamba majani hutoka membamba na yaliyopinda, na husafiri kwa kung'ang'ania miguu ya nzi weupe. Kata ncha moja, itazame kwa lenzi, na kama mmea ukitoa majani ya kawaida mvua zikikatika, utajua haukuwa virusi.

*Nimepata kitabu cha kilimo cha tufaha kutoka nje. Kinasema mafuta ya kuua mayai ya utitiri yapuliziwe "wakati wa majira ya baridi mti ukiwa umelala". Je, kwa Kondoa nipulizie mwezi wa saba?*
Mwalimu mstaafu, Kondoa

Hapana, mwalimu. Kitabu chako ni cha kweli kwa kule kilikoandikiwa. Katika nchi zenye theluji, utitiri mwekundu wa mitufaha huhisi siku zikifupika, majike hutaga mayai mekundu kwenye magome ya matawi, na mayai hayo hulala miezi kadhaa hadi joto lirudi karibu na wakati wa kuchanua. Kwa hiyo mkulima wa kule hujua mahali adui alipo, na kwamba hatahama. Mafuta huyaziba mayai yakakosa hewa.

Hapa kwetu mambo hayo hayapo. London, siku ndefu ya mwaka huipita siku fupi kwa zaidi ya saa nane. Dodoma, iliyo nyuzi sita kusini mwa ikweta, tofauti hiyo ni dakika 40 hivi. Utitiri wetu haupati ishara ya kulala, wala baridi ya kuulazimisha. Huendelea kuzaliana mwaka mzima, kwa kasi au kwa kusuasua, na mwezi wa saba unaukuta majanini katika rika zote kwa pamoja. Mafuta ya bustani yanaweza kutumika hapa pia, lakini kama dawa ya jani, kwa mti uliomwagiliwa vizuri, asubuhi yenye ubaridi, na yasikutane na salfa ndani ya wiki tatu, la sivyo majani yataungua. Kalenda ya kitabu chako ibadilishe: mahali palipoandikwa majira ya baridi, wewe soma mwisho wa mvua.

*Utitiri wa kuku wangu umejaa bandani, na banda liko chini ya mpera. Je, utapanda na kuharibu mapera?*
Mfugaji, Ihumwa

Hautapanda. Tumeupa jina moja, lakini ule wa kuku hunyonya damu na huu wa miti hunyonya majani. Kila mmoja angekufa njaa mezani kwa mwenzake. Safisha banda, na nyufa za mbao zipake chokaa. Dawa unayopulizia bandani isiruke kwenye mpera, kwa sababu nilizozieleza katika barua ya Hombolo.

*Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu, Mvumi. Majani yana malengelenge upande wa juu, na chini yake kuna manyoya meupe kama ukungu. Tumepulizia dawa ya ukungu bila mafanikio. Tatizo hujitokeza mara mbili kwa mwaka.*
Kikundi cha wakulima, Mvumi

Mzabibu si mti kwa maana kamili, lakini safu ya matunda inayotoka Dodoma ikiukataa itakuwa imejikataa yenyewe.

Manyoya hayo si ukungu. Ni vinyweleo vya jani lenyewe, vilivyorefuka kwa sababu ya kutekenywa na utitiri wa malengelenge ya mzabibu, ambao una urefu wa sehemu ya tano ya milimita na umbo la mnyoo. Jipimeni hivi: ubwiri unga, ambao ndio ukungu wa kweli, ukisugua kwa kidole hufutika na kuacha unga, manyoya haya hayafutiki, na kila baka la chini lina lengelenge lake upande wa juu. Manyoya huanza meupe na kuishia kahawia.

Kuhusu kujitokeza mara mbili, jibu liko kwenye mkasi wenu. Utitiri huu hujificha ndani ya macho ya matawi na hutoka yanapochipua. Katika nchi za baridi mzabibu huchipua mara moja kwa mwaka. Dodoma mnapogolea mara mbili ili mvune Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, hivyo macho hufunguka mara mbili na utitiri hupata milango miwili. Majira ya utitiri huu, tofauti na ile mingine yote ya leo, yako mikononi mwa mkulima kuliko mikononi mwa mvua.

Madhara yake mara nyingi ni ya sura tu, na mzabibu uliokomaa huzaa kama kawaida. Msitumie fedha nyingi kwa kuogopa sura hiyo. Wale miongoni mwenu wanaoweka salfa mapema kuzuia ubwiri unga, macho yanapovimba na kabla majani hayajakunjuka, watagundua kwamba malengelenge kwao ni machache, kwa kuwa salfa hiyo huukuta utitiri ukiwa njiani. Ikicheleweshwa hadi majani yakunjuke, utitiri huwa umeshajifunika kwa manyoya yake. Kwenye mizabibu michache, kuchuma majani yenye malengelenge kunatosha.

Angalieni zaidi vipandikizi. Utitiri huu hautembei mbali kwa miguu yake, ila husafiri vizuri sana ndani ya macho ya kipandikizi kilichokatwa kwenye mzabibu wenye ugonjwa. Kama kikundi kinapanga kupanua shamba, pateni miche au ushauri katika kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, ambacho zabibu ndiyo kazi yake, na matawi mnayopogolea msiyaache yakilala chini ya mizabibu wakati macho mapya yanafunguka.